Bunduki mbili za marehemu baba mkwe, bei ya haki ni ipi? Wazoefu mlioko Marekani njooni

Mtanga_Ohio
Wakuu habari za jioni. Niko Ohio, baba mkwe (Mmarekani) alifariki mwaka jana na mama mkwe ameniomba nimsaidie kuuza bunduki mbili za mzee maana watoto wake hakuna anayewinda na yeye hataki zikae ndani. Zote ni Winchester 94, zile za kusukuma leva chini ndo risasi iingie. Moja imechakaa, kitako kina mikwaruzo, mzee alikuwa akiwindia paa tangu ujana wake. Nyingine inang'aa balaa, ina medali kwenye kitako imeandikwa Buffalo Bill, mtutu wa pembe nane, ipo kwenye boksi lake na makaratasi, haijawahi kupigwa. Jana tumempelekea picha dila (muuza bunduki mwenye duka) mmoja wa hapa karibu, akasema hiyo mbovu dola 250 na ile nzuri 350, jumla 600, na hela anatoa keshi leo leo. Mama mkwe alishataka kukubali, nikamwambia tusubiri kidogo. Mwenzenu sijui chochote kuhusu bei za vitu hivi, nataka tu mama asionewe, na pia sitaki tumbambikie mtu bei ya ajabu. Naomba mwongozo.

Chuma_cha_Pua
Mkuu bunduki ya zamani ya Marekani hiyo ni mali, usiuze chini ya 3000 kila moja. Kuna watu mtandaoni wanaziweka mpaka 5000.

Mtanga_Ohio
Kweli? Maana nami nimeona tangazo moja 2,800 ndo likanichanganya zaidi.

Mzee_wa_Kaunta
Mtanga, usikubali hiyo 600 na usisikilize hiyo 3000. Mimi nimefanya kazi kaunta ya duka la bunduki Texas miaka mingi, wajane na watoto wa marehemu wanaokuja na bunduki zimefungwa kwenye blanketi nimewaona wengi sana, na hili jambo linaniuma ndo maana nitaandika kwa urefu.

Kwanza kabla ya bei: hakikisha hazina risasi. Watu wanafungua leva wanaona chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) tupu wanaridhika, kumbe 94 inabeba risasi kwenye ule mrija ulio chini ya mtutu, risasi moja ikigoma humo kwa spring iliyochoka ukichezesha leva baadaye inapanda juu. Kama huna uhakika mpelekee mtu anayejua aikague mbele yako, na mpaka hapo elekeza mtutu mahali salama na kidole kikae mbali na triga.

Pili, USISAFISHE. Nasema kwa herufi kubwa kwa sababu huwa ndo kitu cha kwanza familia inafanya, wanachukua msasa au steel wool wanang'arisha chuma, wanapaka vanishi kwenye kitako, wanafikiri wanaongeza thamani na kumbe wameshachoma nusu ya hela kabla hata ya mteja kuiona. Mkusanyaji analipia rangi ya kiwandani iliyobaki juu ya chuma, ile bluu nyeusi. Hata ikiwa imefifia na kugeuka kahawia pembeni, ile ni yake. Futa vumbi kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya bunduki basi.

Sasa bei. Bei anayoitaja muuzaji kwenye tangazo siyo bei, ni matumaini yake, na hilo tangazo la 2,800 linaweza kukaa pale mwaka mzima. Ingia kwenye tovuti ya minada kama Gunbroker, tafuta sehemu ya minada ILIYOKWISHA, uone ile bei ambayo kweli mtu aliitaja na akalipa. Chukua mifano kadhaa ya miezi ya karibuni ya bunduki inayofanana na yako kwa kila kitu, ile iliyouzwa juu sana itupe, iliyouzwa chini sana itupe, zinazobaki katikati ndo soko. Mamlaka ya kodi ya Marekani wenyewe wanaielezea bei ya haki ya soko kuwa ni ile ambayo mnunuzi aliyetaka mwenyewe na muuzaji aliyetaka mwenyewe wanakubaliana, hakuna aliyelazimishwa, na wote wawili wana ufahamu wa kutosha wa kitu chenyewe. Hapo kwenye ufahamu ndo mama mkwe wako alikuwa anapigwa. Dila anajua, yeye hajui.

Nipe namba ya seriali ya hiyo iliyochakaa, usiiweke yote hadharani, tarakimu tatu za mwanzo zinatosha na useme zipo ngapi kwa jumla. Pia piga picha ubavu wa bodi ya chuma (ile sehemu ya kati yenye leva na triga), nataka kuona kama kuna matundu.

Mtanga_Ohio
Shikamoo mzee, asante sana. Tarakimu ni saba, zinaanza na 171. Na ubavuni kushoto kuna matundu mawili madogo yenye skrubu ndani, nilidhani ndo ilivyo.

Mzee_wa_Kaunta
Marahaba mwanangu. Hiyo namba ni habari njema. Winchester walikuwa na desturi ya kuwapa marais 94 zenye namba za kihistoria: namba 1,000,000 alipewa Calvin Coolidge mwaka 1927, namba 1,500,000 akapewa Truman mwaka 1948, na namba 2,000,000 akapewa Eisenhower mwaka 1953. Kwa hiyo yako ya milioni moja na laki saba na kitu iko katikati ya Truman na Eisenhower, mwisho wa miaka ya 40 au mwanzo wa 50, kiwanda cha New Haven, Connecticut.

Kwa nini hilo lina maana kwenye hela, ni kwamba mwaka 1964 Winchester walibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, vipande vilivyokuwa vinachongwa kwenye chuma kizima vikaanza kukatwa kwa mashine kutoka kwenye bati, na chuma cha bodi kikabadilishwa kikawa hakishiki rangi vizuri. Wawindaji walilalamika sana na mpaka leo soko limegawanyika, za kabla ya 64 na za baada. Kwenye 94 namba za kuanzia 2,700,000 kwenda juu ni za 64 na kuendelea, zilizo chini ni za zamani. Hiyo unayoiita mbovu ndo ambayo mtu anaitafuta.

Sasa hayo matundu. Hayakutoka nayo kiwandani nijuavyo za miaka hiyo, mzee au fundi alitoboa ili afunge saiti (kifaa cha kulengea) ya nyuma ya kuchungulia. Ilikuwa kawaida kabisa enzi zile, mtu alinunua bunduki awinde, hakujua kwamba miaka 70 baadaye kuna mtu atalia kwa ajili ya tundu. Lakini linapunguza bei, na linapunguza sana, kwa sababu haliwezi kurudishwa.

Niangalizie haya na unijibu moja moja. Herufi zilizochongwa kwenye mtutu, kingo zake bado kali au zimelainika kama sabuni iliyotumika? Zikiwa zimelainika ina maana iliwahi kusuguliwa na kupakwa rangi upya. Vichwa vya skrubu vimeharibika? Kitako kina ufa nyuma ya bodi ya chuma, pale mti wa walnuti unapokutana na ulimi wa chuma? Kitako kimekatwa kikawekwa mpira? Na ukiangalia ndani ya mtutu kwa tochi, mistari inang'aa au kuna vishimo vya kutu?

Chuma_cha_Pua
Mzee kwa hiyo na ile barua ya makumbusho? Nilisikia kuna makumbusho yanatoa barua ya kuthibitisha Winchester na inapandisha bei.

Mzee_wa_Kaunta
Yapo, Cody, Wyoming, wana rekodi za kiwanda, na kwa bunduki ya zamani yenye mambo maalum barua ile ina thamani kweli, inasema ilitoka kiwandani na mtutu gani, kitako gani, tarehe gani. Lakini kwa 94 rekodi zao zinaishia namba 353,999, hii ya Mtanga haimo. Asitupe hela huko.

Mtanga_Ohio
Mzee nimekagua na mama mkwe hapa kashika tochi. Herufi ni kali, unazisoma vizuri mpaka nukta. Skrubu moja ndo imeliwa kidogo, ile ya karibu na matundu. Ufa hakuna. Mpira hakuna, kuna chuma nyuma. Ndani ya mtutu kunang'aa, mbele kabisa kuna kama kivuli. Rangi imetoka sehemu ya chini katikati, yaani pale mtu anapobebea kwa mkono mmoja, chuma kimekuwa cha kijivu.

Mzee_wa_Kaunta
Hapo pa kijivu ndo sahihi yake. 94 ya kweli inachakaa pale pale kwa sababu kila mtu anaibeba pale pale, ukiona nyingine rangi imejaa kote halafu hapo penyewe pia ni jeusi tii na kitako kimechoka, shtuka.

Basi bila matundu, kwa hali hiyo uliyoisema, ningekuambia 900 mpaka 1,100. Kwa matundu, 600 mpaka 700 kwa mnunuzi wa mwisho. Cheki minada iliyokwisha mwenyewe usinichukulie mimi kama msahafu, bei zinapanda na kushuka, na msimu wa kuwinda ukikaribia hizi zinatoka haraka.

Nyota_ya_Dallas
Na hiyo ya Buffalo Bill mbona kila mtu kaipita? Hiyo ndo ya mkusanyaji, ina boksi lake na haijapigwa. Hiyo si ndo elfu mbili na kuendelea?

Mzee_wa_Kaunta
Nyota, watu wengi wanaumia hapo. Ile ilitengenezwa 1968 kama kumbukumbu, na kiwanda kilitoa zaidi ya 100,000. Miaka miwili kabla walikuwa wametoa ya Centennial 66 yenye dhahabu, nayo zaidi ya 100,000. Sasa fikiria, kitu kimetengenezwa laki moja na kila aliyenunua alikiweka juu ya kabati bila kukitumia akisubiri bei ipande, leo zipo maelfu kwa maelfu bado ziko kwenye maboksi. Uadimu utatoka wapi? Thamani yake yote ipo kwenye boksi, makaratasi na kutopigwa hata risasi moja. Ikipigwa tu, inakuwa 94 ya kawaida ya baada ya 64 iliyopambwa.

Kwa hiyo Mtanga, boksi lile ni sehemu ya hela, usilitupe, hata ile karatasi ya nje ya kadibodi kama ipo. Hakikisha namba iliyoandikwa kwenye boksi inalingana na ya bunduki. Na usichezeshe leva kuonyesha wageni, inaacha alama. Kama vyote vimekamilika na nikeli haijafifia, 750 mpaka 900. Kuna siku itavuka hapo, lakini wewe usiishi kwa siku hiyo.

Dila_Mdogo_KY
Naomba niseme kitu kwa upande wa pili maana mimi nina leseni ya kuuza, duka dogo tu Kentucky. Watu wanaona dila akitoa asilimia 60 ya bei ya soko wanamwita mwizi. Mimi nikinunua kwa keshi leo, hela inalala pengine miezi sita, nalipa kodi ya duka, bima, mashine ya kadi inakata, mteja analalia bei tena, na nikikuta kasoro ambayo sikuiona ni yangu. 60 mpaka 70 ni biashara ya haki kabisa mkiwa mmeelewana. Ila kwa hesabu ya mzee hapo juu, 94 tuseme 650 na Buffalo Bill tuseme 800, jumla 1,450, asilimia 60 yake ni 870. Hiyo 600 ni kama asilimia 41. Hapo hata mimi sitamtetea mwenzangu. Na kumwita mjane bunduki yake "mbovu" ukijua ni ya kabla ya 64 siyo ustaarabu wa biashara.

Mzee_wa_Kaunta
Dila umesema vizuri na nakuheshimu kwa hilo. Kuna jambo moja nashikilia: mtu anayekuthaminishia asiwe ndo huyo huyo anayetaka kununua. Mlipe mthamini ada yake, akuandikie karatasi, halafu asiruhusiwe kununua. Na mwambie thamani unayoitaka ni ya nini, maana ya bima huwa juu, ni gharama ya kutafuta nyingine kama yako ikiibiwa leo, na ukiitumia hiyo kama bei ya kuuza utakaa na bunduki mpaka uchoke. Kwa bunduki za mia saba mthamini pengine hana maana, ila familia yenye kabati zima, lazima.

Njia za kuuza zinatofautiana hela, Mtanga. Dila keshi, 870 na imeisha leo. Kumwachia dila akuuzie kwa komisheni, wengi wanakata asilimia 15 mpaka 20, kwa hiyo mama anaondoka na kama 1,160 mpaka 1,230 lakini anasubiri. Kuuza mwenyewe mnadani onlaini unapata karibu yote ila kuna ada ya tovuti, kufunga, kutuma, na maswali ya watu usiku wa manane. Nyumba kubwa za mnada ni za vitu vya kipekee, kule mnunuzi naye anaongezewa asilimia juu ya bei ya nyundo (bei ya mwisho iliyotajwa mnadani) kwa hiyo anataja bei ya chini kufidia. Mimi kwa mama wa umri huo ningeenda na komisheni, kwa dila mwenye jina zuri, mkataba wa maandishi wenye bei ya chini kabisa ambayo hawezi kushuka bila kumpigia simu.

Na kodi: kwa kurithi, bei ya kuanzia hesabu ni thamani ya soko siku aliyofariki mzee, siyo zile dola chache alizonunulia. Kwa hiyo mama akiuza kwa bei hiyo hiyo hakuna faida ya kutozwa. Sevu picha za minada iliyokwisha ya kipindi hicho, ndo ushahidi wake.

Nyota_ya_Dallas
Mzee, na historia je? Baba mkwe wake aliwinda nayo miaka yote, hiyo hadithi haiongezi kitu?

Mzee_wa_Kaunta
Kwa familia inaongeza sana. Kwa soko, haiongezi, isipokuwa mwenyewe awe mtu maarufu na kuwe na karatasi. Mfano unaotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki: Rais Theodore Roosevelt alipomaliza urais 1909 alishuka Mombasa na mwanawe Kermit kwa ile safari kubwa ya kuwinda, na kwenye mizigo kulikuwa na shotgun ya mitutu miwili ya kampuni ya A.H. Fox aliyotengenezewa. Mwaka 2010 iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 862,500. Pale kila kitu kilikuwa na ushahidi, barua, picha, mlolongo wa wamiliki. Bastola ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia jambazi Billy the Kid ilienda zaidi ya dola milioni 6 mwaka 2021, nayo hivyo hivyo, mlolongo unajulikana mkono kwa mkono. Sasa kila wiki kaunta kwangu alikuja mtu na "hii ilikuwa ya jambazi fulani, babu alisema". Bila karatasi nakulipia chuma na mti tu.

Ila Mtanga, kama mama ana picha ya mzee ameshika bunduki hiyo porini, piga nakala umpe mnunuzi bure. Haiongezi dola, lakini mnunuzi mzuri ataithamini.

Mwana_Songea
Wakuu nipo Tz, babu yangu aliacha gobore la tangu ukoloni, je nalo naweza kupata mteja wa nje kwa hizo bei?

Mzee_wa_Kaunta
Mwana Songea, kwa huko nyumbani Tanzania usianze na bei, anza na polisi. Silaha ya marehemu inaripotiwa na kukabidhiwa, mrithi akiitaka anaomba leseni yake mwenyewe. Kumuuzia mtu mkono kwa mkono ni kesi, hata kama ni la kumimina baruti kwa mdomo. Tafadhali usimtafute mteja mtandaoni.

Dila_Mdogo_KY
Na kwa mlioko huku Marekani: mwenye green kadi anaruhusiwa kumiliki, lakini mwenye viza ya muda, ya shule au ya kutembelea, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika kama mali yake, labda aingie kwenye misamaha michache kama ya kuwa na leseni halali ya kuwinda. Mtanga wewe una nini?

Mtanga_Ohio
Green kadi mkuu, na bunduki zinabaki kwa mama, mimi napiga picha tu. Jamani nimemweleza mama hesabu zote hizi, amekaa kimya kidogo akasema ile ya kuwinda anataka iende kwa mtu atakayeitumia na bei ya matundu ni sawa kabisa kwake, ile ya Buffalo Bill tumwachie dila mwingine kwa komisheni, tumeongea naye anakata 15. Kwenye tangazo hayo matundu niyaseme au nionyeshe kwenye picha tu?

Mzee_wa_Kaunta
Yaseme mstari wa kwanza, tena na picha ya karibu. Andika hivi: Winchester 94, risasi za 30-30, kabla ya 64, matundu mawili ya saiti ubavu wa kushoto siyo ya kiwandani, rangi orijino imetoka sehemu ya kubebea, skrubu moja imeliwa, mtutu ndani unang'aa na kivuli kidogo mbele. Bei 675. Ukisema kasoro zote mwenyewe mnunuzi hana pa kukukandamizia, na wewe unapata ujasiri wa kusimama kwenye bei yako.

Msafiri_Indiana
Nimefuatilia uzi wote kimya kimya. Mtanga mimi ni raia, nawinda kila mwaka na hayo matundu nayataka, maana macho yameanza kunisumbua na saiti ya kuchungulia ndo inanifaa. Natoa 650 na usafiri juu yangu.

Mtanga_Ohio
Mama kasema sawa kwa 650. Nije nayo mpakani tukutane?

Dila_Mdogo_KY
Hapana! Majimbo mawili tofauti, hamuwezi kupeana mkono kwa mkono. Msafiri anamchagua dila mwenye leseni kule Indiana, huyo dila anakutumia nakala ya leseni yake, bunduki inatumwa kwake, Msafiri anajaza fomu 4473 (ya serikali ya kununua bunduki) na rekodi zake kukaguliwa ndo anakabidhiwa. Wengi wanatoza dola 25 mpaka 50 kwa kazi hiyo. Msafiri hizo ni zako, ziweke kwenye hesabu yako kabla hujasema ndiyo.

Msafiri_Indiana
Naelewa, dila wangu anachukua 30. Kesho asubuhi anatuma nakala ya leseni.

Mzee_wa_Kaunta
Mtanga, mpe siku 3 za kuikagua tangu aipokee kwa dila, akikuta kitu ambacho hukukisema anarudisha na hela yake inarudi. Andikeni risiti mbili zenye namba kamili ya seriali, tarehe, bei na jina la dila, moja ibaki kwa mama. Na weka bima ya 650 kwenye mzigo, usijaribu kuandika pungufu ili uokoe dola chache.